Tupeane uzoefu: Kitabu cha mifugo kilizua swali gani nyumbani kwako?

Wadau, habari za humu. Naomba tukusanye visa vyetu vya kuwasomea watoto vitabu vya picha vya mifugo: ng'ombe na ndama, kuku na vifaranga, mbuzi zizini. Nilivinunua nikijua ni vya kufundishia majina na milio. Kumbe mtoto akishachoka na "mee" na "moo" anaanza kutafuta nani ni nani wa nani.

Juzi tuko ukurasa wa kuku, wangu wa miaka minne akanizuia nisifunue. "Mama yao huyu. Watoto hawa. Baba yao yuko wapi?" Jogoo alichorwa juu ya paa, anawika, amewapa wenzake mgongo. Maandishi hayakumgusia kabisa, yalisema tu kumekucha. Nikamweleza kwamba mama kuku ndiye anayeatamia siku 21, na ndiye anayewafunika vifaranga kwa mbawa. Jogoo yeye halei. Akafikiri, akauliza, "Kwa hiyo anaimba tu?" Baba yake yuko kwenye kochi, anasikia kila kitu.

Mimi naamini mtoto asiyejua herufi ndiye msomaji mkali kutuzidi. Sisi macho yanakimbilia maneno, yeye hana pa kukimbilia ila picha. Haya, kwenu ni ukurasa gani, na mlijibuje? Majina ya watoto tusiweke.

Baba Pacha
Mwambie mzee atafute kitabu chenye bata bukini. Dume la bata bukini halikimbii malezi: linakaa na jike lake, na wakitembea na watoto yeye analinda. Ukimsogelea utajua.

Sisi kwetu ulikuwa ukurasa wa kukama. Mama anakama, ndoo inajaa, ukurasa unaofuata familia nzima iko mezani na vikombe, masharubu meupe mpaka kwa babu. Mmoja wa pacha akauliza, "Ndama amekunywa nini?" Nikarudi nyuma kurasa zote, ndama hayupo. Nikawaeleza kwamba ng'ombe hatoi maziwa mpaka azae, mimba yake ni kama miezi tisa, kwa hiyo ndama lazima yupo mahali. Pengine ameachiwa chuchu moja, pengine ananyweshwa kwa ndoo. Hawakuridhika. Kesho yake nimekuta ndama wa penseli chini ya kiwele, ana miguu mitano, na mezani kumeongezwa kikombe. Kitabu ni chetu, sijafuta.

Penseli Butu
Nachora vitabu hivi, ngoja nitetee ukoo wangu kidogo. Vingi vina kurasa 32, kwa sababu karatasi kubwa ya kiwandani hukunjwa na kukatwa ikatoa kurasa 8 au 16, ndipo vipande vinaunganishwa. Toa jina la kitabu, haki za mchapishaji na kadhalika, hadithi yenyewe inabakiwa na nafasi finyu. Mwandishi anaandika sentensi mbili, mambo ya familia yote anatuachia sisi. Nani amembeba nani, nani yuko dirishani peke yake, hayo ni ya mchoraji.

Ndiyo maana nakasirika mchoraji asipotazama mnyama. Ng'ombe anayecheka akionyesha meno ya juu! Ng'ombe hana meno ya mbele ya juu, ana ufizi mgumu tu. Meno ya mbele ni ya chini, manane. Kiwele chake kina chuchu nne, cha mbuzi mbili. Kuna kitabu nimewahi kukiona, "Baba Ng'ombe" ana kiwele kizima kizima. Nikitaka kuonyesha upendo wa mama simpi ng'ombe mikono ya kukumbatia. Ng'ombe akizaa anamlamba ndama mpaka manyoya yasimame. Chora ulimi huo vizuri, mtoto ataelewa bila neno hata moja.

Mama wa Watatu
Penseli, kuhusu mavazi na mikono hatutaelewana. Wewe unatetea ng'ombe, mimi natetea binti yangu. Alipozaliwa mdogo wake alinyamaza wiki nzima, ukimuuliza anakwambia "niko sawa". Tukawa na kitabu cha mama mbuzi mwenye gauni la maua, watoto watatu kitandani. Huyo alimsema mbuzi mpaka basi! Mbuzi amechoka, mbuzi anampenda mdogo tu, mbuzi hasikii akiitwa. Angekuwa mbuzi wa kweli kwenye matope nadhani angebaki kumhesabu miguu.

Ila hesabu yako ya chuchu imenigusa. Ukurasa wa mwisho gauni limeanikwa na mbuzi ananyonyesha. Mbuzi kuzaa mapacha ni kawaida, lakini hawa watatu. Binti akaweka kidole: "Hawa wawili wamepata. Huyu anangoja." Nikamuuliza anangoja mpaka lini. "Mpaka mama amuone."

Nilimpa baba yake yule mdogo, tukalala wawili mimi na binti.

Mvivu wa Kusoma
Wangu ana miezi minane. Anakula vitabu. Uzoefu wangu ni mate.

Mwalimu wa Chekechea
@Mvivu, mpe vyenye kurasa za kadi nene na picha kubwa chache, atafune kwa amani. Hiyo ndiyo kozi ya kwanza.

Kwa wakubwa kidogo, jaribuni kufunika maandishi kwa kiganja, muulize "kunaendelea nini hapa?", kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu kwetu watu wazima. Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake walichapisha utafiti wa nchini Marekani: wazazi walielekezwa kuuliza maswali yasiyojibika kwa "ndiyo" au "hapana", na kurefusha jibu la mtoto badala ya kusoma moja kwa moja. Baada ya mwezi mmoja tu watoto wao walikuwa mbele ya wenzao kwenye majaribio ya lugha.

Darasani nina picha ya familia ya shambani: baba, mama, mvulana, msichana, na nyuma kabisa bibi dirishani, mdogo kama ukucha. Nikauliza nani mwenye shamba. Wengi wakasema baba, ana jembe. Mmoja anayelelewa na bibi yake akainuka mpaka ubaoni, akagusa dirisha. "Huyu. Wengine amewaajiri."

Mlezi Mtulivu
Yetu ni ya kuku aliyewekewa mayai ya bata. Ya kuku ni siku 21, ya bata siku 28 hivi, kwa hiyo kuku yule aliatamia wiki moja ya ziada. Wakatoka, wakaona maji, wakatumbukia, mama anahangaika ukingoni. Mwanangu nimemuasili na analijua hilo tangu mdogo, hivyo nilijiandaa kwa mazungumzo mazito. Nilikuwa hadi na habari za Konrad Lorenz, yule mtafiti wa tabia za wanyama aliyepata Nobel mwaka 1973, aliyefuatwa na vifaranga vya bata bukini kwa kuwa ndiye waliyemuona kwanza baada ya kuanguliwa. Mtoto alisikiliza vizuri. Kisha akauliza kama kuku anaweza kuvaa boya.

Nikasema anaweza akishonewa saizi yake. Siku ya tatu ndipo aliporudi jikoni na swali lingine: "Na wale bata, jioni walirudi kulala kwa nani?" Kwa kuku. Hilo nilikuwa na uhakika nalo.

Shangazi Mkubwa
Mmenichekesha na mmeniliza, sasa pokeeni yetu. Kuna picha ng'ombe anaamka asubuhi, miguu ya mbele imesimama, makalio chini. Babu, aliyefuga maisha yake yote, akasema huo ni uongo: ng'ombe huinua nyuma kwanza, anayeanza na mbele ni farasi. Watoto hawakukubali mpaka waone. Tukalala wote kwenye zulia tuinuke kama ng'ombe, babu hakimu kwenye kiti. Watoto wamepita wote. Mimi nimeambiwa nimeinuka kama farasi, nirudie.