Tupeane uzoefu: siku ulipogundua mfalme wa Zamunda ndiye yule yule wa muvi nyingine

Mleta mada, Tanga

Wakuu habari za jioni. Jumapili nilikuwa kwa mzee wangu, tumeshakula, mvua imetufungia ndani, mdogo wangu akaweka Coming to America, ile yenyewe ya 1988, Eddie Murphy ndo Akeem, mwana wa mfalme wa Zamunda anayekwenda New York kutafuta mke. Kwetu muvi hii tumeiangalia mpaka hesabu imepotea, tangu enzi za deki na TV ya chogo, kanda ilikuwa imechoka mpaka picha inaruka kila Akeem akifika Queens. Sasa tumefika kwa yule baba mwenye mgahawa, Cleo McDowell, mzee akaweka kikombe chini akasema "huyu ndo Kunta Kinte." Nikamwambia hapana baba, Kunta Kinte alikuwa kijana. Akasema huyo unayemsema wewe ni kabla hawajamkata mguu, huyu ndo Kunta wa ukubwani, na huyo malkia hapo ndo Bell, mkewe.

Nikaingia mtandaoni kimya kimya, nikakuta mzee yuko sahihi kabisa. Kwenye Roots ya 1977, ile tamthilia ya TV ya Kunta Kinte aliyetekwa Gambia akauzwa utumwani Marekani, Kunta kijana ni LeVar Burton, Kunta mtu mzima ni John Amos, na Bell ni Madge Sinclair. Halafu nikakuta kingine ambacho hata mzee alikuwa hakijui. Kwenye mwendelezo wake wa 1979 aliyemcheza Alex Haley mwenyewe, yule mwandishi aliyefuatilia ukoo wake mpaka Gambia, ni James Earl Jones. Mfalme wa Zamunda! Yani babu, bibi na mjukuu wa vizazi vya mbele wamekuja kukutana wote watatu kwenye muvi ya kuchekesha, mmoja mfalme, mmoja malkia, mmoja anauza baga New York. Nilikaa nayo kichwani usiku mzima. Mimi watu hawa wamenichekesha tangu mtoto, kumbe mzee wangu walishamliza kabla.

Tupeane uzoefu wadau. Nani ulimtambua, ulikuwa wapi, na ulijisikiaje.

Mdau wa Mwanza

Mkuu umenikumbusha banda la video, kiingilio tulikuwa tunalipa sarafu, mabenchi ya mbao, joto, na jamaa mmoja anasimama mbele na kipaza sauti anatutafsiria. Mimi huyo mfalme nilimjua kwanza kama adui. Conan the Barbarian ya 1982, ile ya Arnold Schwarzenegger, kuna yule mkuu wa dini ya nyoka anaitwa Thulsa Doom, anamuangalia tu mama yake Conan, mama analegea anashusha upanga, na kuna mahali anageuka nyoka kweli kweli. Ni James Earl Jones yule. Nilikuwa naota usiku. Siku wameweka Coming to America akatokea amevaa ngozi ya simba begani nikajua tu huyu bwana atamuua mtoto wake, nikakaa nasubiri mauaji muvi nzima. Hayakuja. Lile kundi la mabibi wanamwaga maua, watu wanacheka, mimi macho kwa mfalme tu.

Na John Amos hivyo hivyo. Die Hard 2 ya 1990 ndo yule Meja Grant, anakuja na vijana wake kusaidia uwanja wa ndege tukampigia makofi, kumbe yuko upande wa maadui, banda zima lilipiga kelele "msaliti!" Anakuja kufia kwenye injini ya ndege. Baada ya hapo kila nikimuona kwa McDowell namuangalia mikono.

Mdau wa Nairobi

Sisi tulimjua kwa sauti before tumjue kwa sura. Miaka ya tisini TV yetu ya KTN ilikuwa inaunganisha CNN na kulikuwa na ile sauti nzito inasema jina la stesheni, maneno matatu tu, baba yangu alikuwa anatuambia nyamazeni taarifa imefika. Hiyo sauti ni yake. Halafu 1994 ikaja The Lion King, buda nikasikia Mufasa anaongea na Simba usiku pale kwa nyasi nikasema huyu ndiye wa CNN, kaka yangu akabisha mpaka tukagombana. Kumbe Darth Vader wa Star Wars pia ni yeye, mwili wa mtu mwingine kabisa, David Prowse, sauti yake, na ile ya kwanza ya 1977 jina lake hata halikuandikwa kwa sababu mwenyewe hakutaka.

Lakini kitu mleta mada hujagusa, angalia Mufasa na mkewe Sarabi. Sauti ya Sarabi ni Madge Sinclair. Mfalme na malkia wa Zamunda ndio mfalme na malkia wa wale simba, wawili wale wale. Na katikati hapo walikuwa pamoja tena kwa series ya TV, Gabriel's Fire, 1991 wote wawili wakachukua tuzo ya Emmy kwa hiyo hiyo kazi. Mama yule alikuwa Mjamaika, mwalimu wa shule huko kwao kabla aende New York kuigiza akiwa mtu mzima tayari. Akafariki Desemba 1995, mwaka mmoja na kitu baada ya Lion King. Sasa nikiangalia na watoto wangu wanacheka Timon na Pumbaa, mimi nangoja zile sehemu chache Sarabi anaongea, na ni chache kweli.

Mdau wa Unguja

Nami niseme la jina. Yule bibi harusi aliyetayarishiwa Akeem tangu utotoni, anayeambiwa abweke kama mbwa akabweka, aruke kwa mguu mmoja akaruka, anaitwa Imani. Jina letu hilo, na shangazi yangu ndilo jina lake. Tulipokuwa wadogo tulimtania kwa hiyo akaacha kuja sebuleni tukiiweka, na leo najuta. Aliyemcheza ni Vanessa Bell Calloway. Miaka mitano baadae kwenye ile filamu ya maisha ya Tina Turner, 1993, yeye ndiye Jackie, yule shoga yake anayempa mahali pa kukimbilia na kumuonesha njia ya kujisimamia. Nilimpelekea shangazi picha zake za filamu hiyo, nikamwambia shangazi tazama Imani yuko wapi sasa. Akanijibu "alhamdulillahi, kainuka."

Mdau wa Arusha

Mimi ni kinyozi miaka 16 sasa, na saluni yangu sehemu ya vinyozi wanaobishana ngumi nani bora lazima iwekwe angalau mara moja kwa wiki. Miaka yote nilidhani wale ni wazee fulani wa kweli waliookotwa mtaani. Mteja mmoja ndo akaniambia yule kinyozi Clarence ni Eddie Murphy, yule mwenzake Morris ni Arsenio Hall, nikasema sawa hapo naona. Akaniambia na yule mzee wa Kiyahudi anayekaa kwenye kiti anasimulia hadithi ni Eddie Murphy pia. Nilikataa. Nilikataa mpaka nikasimamisha picha nikasogea kwenye kioo. Kazi ya Rick Baker, fundi wa kubandika sura, huyo huyo aliyekuja kumtengeneza Eddie kuwa familia nzima ya wanene kwenye The Nutty Professor ya 1996 akapata Oscar. Mimi nashika sura za watu kila siku, najua ngozi ya shingo ya mzee inavyokaa, na sikuona. Huyo mtu namheshimu sana.

Na kwenye kiti kile kile kuna kijana ananyolewa, hana cha maana anachosema, ni Cuba Gooding Jr. Alikuwa hajulikani na mtu. Miaka tisa baadae, 1997, anapanda jukwaani kuchukua Oscar ya Jerry Maguire anaruka ruka kwa furaha. Vijana wanaokuja kujifunza kazi kwangu huwa nawasimamishia hapo nawaonesha.

Mdau wa Mombasa

Na yule mwizi mwenye bunduki anayekuja kuiba mgahawani Akeem akamchapa kwa fimbo ya kupigia deki ni Samuel L. Jackson jamani, dakika chache tu. Hapo alikuwa na miaka 39. Pulp Fiction ilikuja 1994. Nilikuwa namuona nasema huyu jambazi ana macho ya kuogofya, jina lake sijui, na watu wengi hawakulijua.

Mdau wa Bukavu

Jambo kwenu wote. Huku kwetu miye niliiona kwa Kifaransa, jina lake ni Un prince à New York, na sauti zote zimebadilishwa, mfalme anasema Kifaransa, Mufasa anasema Kifaransa kwa mtu mwingine, Darth Vader vilevile na mwingine. Kwa hiyo hayo mnayosema ya sauti kwetu hayakuwepo. Miye nilimtambua James Earl Jones kwa macho tu, yale macho ya kibichi kidogo, na namna anageuza kichwa polepole kabla ya kusema. Nilikuja kumsikia sauti yake mwenyewe nikiwa na miaka 31, nimefika Kampala, rafiki ameweka filamu kwa Kiingereza. Nilimuomba arudishe nyuma. Nikafunga macho nikasikiliza tu. Nilihisi kama mtu ambaye nilikuwa ninamjua kwa picha ya ukutani ameingia nyumbani akanisalimia.

Mdau wa Morogoro

Nimesoma yote hapo juu ya sauti nikaona nami niandike ingawa huwa nasoma tu. Mwanangu ana kigugumizi. Alipokuwa darasa la tatu mwalimu mmoja alimsimamisha mbele asome, akakwama, darasa likacheka, na mwalimu akacheka. Toka siku hiyo mtoto akawa haongei shuleni kabisa, nyumbani anaongea kwa kunong'ona. Sasa katika kuhangaika kwangu kusoma mambo ya kigugumizi ndo nikakuta huyu James Earl Jones alikuwa hivyo hivyo. Alizaliwa Mississippi 1931, akaenda kulelewa na babu na bibi yake Michigan, na kwa miaka kama 8 hivi alikuwa karibu haongei na watu, anaongea na mifugo ya shambani. Mwalimu wake wa sekondari, Donald Crouch, akagundua kijana anaandika mashairi, akawa anamsomesha kwa sauti mashairi hayo mbele ya wenzake, na kwenye mashairi hakwami.

Nilimuita mwanangu nikamuwekea Mufasa, akasema namjua. Nikamuwekea mfalme wa Zamunda, akasema huyu ni mtu mwingine. Nikamwambia hapana, ni mmoja, na alikuwa na kigugumizi kama wewe, na mwenyewe alisema hakikuisha, alijifunza kuishi nacho. Mtoto akaniangalia muda mrefu. Tukaanza kila jioni mashairi, tenzi, chochote chenye vina, mimi mstari yeye mstari. Sasa yuko kidato cha pili. Bado anakwama, ila anaongea.

Mdau wa Dar

Mama Moro Mungu akutunzie kijana.

Mimi nina dogo tu. Wale wazee wawili wazungu wanaolala nje kwenye baridi, Akeem anawapa bahasha ya hela, kama hujaona Trading Places ya 1983 hutaelewa kwanini wanafurahi vile. Ni wale ndugu wawili matajiri, Don Ameche na Ralph Bellamy, Eddie Murphy aliwafilisi kwenye ile muvi halafu anakuja kuwakomboa kwenye hii, na muongozaji ni mmoja, John Landis. Mimi niliziona kinyume, hii kwanza ile baadae, kwahiyo miaka sita nilikuwa nawaonea huruma ombaomba ambao kumbe walistahili. Na yule Darryl wa nywele za mafuta ndo daktari Benton wa ER, ile tamthilia ya hospitali. Na mwenye nyumba waliyopanga ndo mlinzi Barney wa The Silence of the Lambs, anaitwa Frankie Faison.

Mleta mada, Tanga

Wakuu nashukuruni sana, nimezisoma zote kwa sauti mzee anasikiliza, ya Morogoro amenifanya nirudie mara mbili. Nilimwambia pia kwamba 2024 wameondoka wote wawili, John Amos Agosti 21 na James Earl Jones Septemba 9, hazikupita hata wiki tatu. Akauliza "na mama yao?" Nikamwambia alishatangulia zamani.

Akataka turudie ile sehemu ya karibu na mwisho, mfalme amekuja Queens kumchukua mwanae, anamwambia McDowell nikufidie usumbufu, milioni moja ya dola. McDowell anakataa. Mfalme anasema basi mbili. Huyu mtu muvi nzima anahangaikia pesa, anamtaka binti yake aolewe na tajiri, na hapo anasimama anagoma, binti yake hanunuliwi. Mimi hapo siku zote nilikuwa nacheka. Mzee hakucheka. Akasema "kule kwenye Roots walimuuza binti yake Kizzy anaona, mama yake anagaagaa chini, hakuwa na la kufanya."

Halafu akaniambia rudisha tena hapo.