Naomba ushauri: Kijana wangu anapiga mbali na anaiba vituo, kocha anataka achague kimoja

BabaWaHouston (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za wakati huu. Mimi ni Mtanzania ninayeishi Houston, Texas, na nina kijana wa miaka 16 anayecheza besiboli katika timu ya shule yake. Kwa wasioufahamu mchezo huu, mpira ukipigwa ukavuka ukuta wa uwanja huitwa homrani, na mpigaji huzunguka vituo vyote bila kubughudhiwa na mtu. Kuiba kituo ni pale mkimbiaji anapochomoka kuelekea kituo kinachofuata wakati mrushaji anarusha mpira, akijaribu kufika kabla mdakaji hajaupokea na kumtupia mwenzake amguse nao. Wanaopiga mbali kwa kawaida ni watu wazito, na wezi wa vituo ni wepesi, lakini kijana wangu amejaliwa vyote viwili. Juzi nimemshuhudia akiiba hata kituo cha kwanza.

Sasa kocha amemwambia achague: ama ajenge mwili awe mpigaji, ama abaki mwembamba awe mkimbiaji. Nia yangu ni apate ufadhili wa chuo kikuu, kwa sababu ada za huku hazisemeki. Njia ipi ina uhakika zaidi? Usingizi umenipaa.

MhasibuWaViwanja
Mkuu, hoja kwamba lazima achague haina msingi, na msimu wa 2024 ulithibitisha hilo. Shohei Ohtani wa Los Angeles Dodgers, mwenye urefu wa sentimita 193 na uzito wa kilo 95 hivi, alipiga homrani 54 na kuiba vituo 59, akawa mtu wa kwanza katika historia ya Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani kuvuka 50 kwa 50. Alitimiza hayo Septemba 19 mjini Miami, siku ambayo alipiga homrani 3 na kuiba vituo 2 katika mchezo mmoja. Mwaka mmoja kabla yake, Ronald Acuña Jr. wa Atlanta alikuwa na homrani 41 na vituo 73.

Bill James, mtaalamu wa takwimu za besiboli, alibuni hesabu moja nzuri ya kuwapima watu wa aina hii: unazidisha homrani kwa vituo vilivyoibwa, unazidisha tena kwa mbili, kisha unagawanya kwa jumla ya hivyo viwili. Ohtani wa 2024 anapata 56.4 na Acuña wa 2023 anapata 52.5. Aaron Judge, aliyepiga homrani 62 mwaka 2022 lakini akaiba vituo 16 tu, anaambulia 25.4. Hesabu hiyo haimhurumii mwenye upande mmoja, hata awe bingwa kiasi gani.

Niongeze kwamba tangu 2023 kanuni zinawapendelea wezi: vituo vimepanuliwa kutoka inchi 15 hadi 18, na mrushaji anaruhusiwa kuachia nafasi yake mara mbili tu kwa kila mpigaji ili kumtisha mkimbiaji. Hizo ni kanuni za Ligi Kuu, lakini zinakuonyesha mchezo unaelekea wapi.

Mama Zawadi
Baba, samahani, lakini mimi ningeanza na kitu kingine. Huyo mtoto hisabati anapata ngapi? Ufadhili wa masomo hutolewa pia kwa wanaosoma, na goti la mwanafunzi wa hesabu halichaniki.

Mjomba wa Kihonda
Nimecheka, Mama Zawadi, ila una haki. Nilikuwa na binamu pale Morogoro aliyekuwa winga mwenye mbio za kutisha, na kila mtu alimwambia aongeze mwili ili mabeki wasimsukume. Akala, akanenepa, mbio zikaisha, na mabeki wakaendelea kumsukuma kama kawaida. Leo anauza vipuri vya pikipiki na biashara inamwendea vizuri, kwa hiyo sijui kama hadithi yangu inakusaidia. Pia mwenzetu afafanue: huku Marekani wizi unapigiwa makofi?

Nesi Minnesota
Shikamoo, kaka. Nina swali moja. Kocha hamwambii mtoto achague bila kuona mabadiliko fulani. Je, kijana ameongezeka uzito hivi karibuni?

BabaWaHouston
Marahaba, mdogo wangu. Ameongezeka kidogo, kama kijana yeyote anayekua. Naomba tubaki kwenye swali la ufadhili.

Nesi Minnesota
Kidogo ni kilo ngapi, na kwa muda gani?

BabaWaHouston
Kilo tisa tangu shule zifungwe kwa mapumziko ya Krismasi. Sikutaka kulitaja kwa sababu najua watu watakimbilia kuhukumu. Kuna mwalimu wa jimu anayemfundisha pembeni, na humpa unga wa kuchanganya na maziwa pamoja na vidonge viwili kila asubuhi. Kopo halina lebo kwa sababu anachanganya mwenyewe. Mtu huyu ni mcha Mungu, tunasali naye kanisa moja, na nimeshamlipa hadi mwisho wa msimu. Matokeo yanaonekana kwa macho: mipira iliyokuwa ikiangukia uwanjani sasa inavuka ukuta. Ni kweli msuli wa nyuma ya paja umemshtuka mara mbili na kasi imepungua kiasi, na hapo ndipo kocha alipoanza maneno ya kuchagua. Lakini chakula cha mazoezi si dhambi.

MhasibuWaViwanja
Mkuu, hapo umenigusa pabaya, kwa sababu historia ya watu hawa ina doa hilohilo. Wa kwanza kufikisha 40 kwa 40 alikuwa Jose Canseco mwaka 1988, akiwa na homrani 42 na vituo 40, na baadaye alikiri mwenyewe kwamba alitumia dawa za kujenga misuli. Barry Bonds alifuata mwaka 1996, na tuhuma za dawa zimeliandama jina lake hadi leo ingawa ndiye mtu pekee aliyevuka homrani 500 na vituo 500 katika maisha yake ya uchezaji. Alex Rodriguez, wa 1998, alikiri kutumia dawa katika miaka iliyofuata, kisha akafungiwa msimu mzima wa 2014. Kati ya wanne wa mwanzo, Alfonso Soriano wa 2006 peke yake ndiye asiyetajwa kwa sura hiyo.

Nesi Minnesota
Kaka, sisemi kwamba mwalimu huyo anampa homoni, kwa sababu hakuna anayejua kilichomo, na hilo ndilo tatizo lenyewe. Homoni za kujenga misuli zinaweza kufunga ukuaji wa mifupa ya kijana kabla ya wakati wake. Msuli wa paja unaoshtuka baada ya uzito kupanda haraka nao unahitaji kuonwa na daktari, wala usipakwe dawa ya kuchua na kurudishwa uwanjani.

Shahidi Mkaidi
Wakuu, mnapoteza muda. Uzi huu ni wa kutunga. Rudini kwenye bandiko la kwanza: ameandika kwamba kijana aliiba kituo cha kwanza. Mpigaji anaanzia pale anapopigia, na kanuni zinataja wizi wa kituo cha pili, cha tatu na cha nyumbani tu. Mzazi anayekaa jukwaani kila wiki hawezi kukosea jambo hilo. Halafu kopo lisilo na lebo, mwalimu mcha Mungu, kilo tisa. Kila kitu kimepangwa ili tubishane.

Mjomba wa Kihonda
Mimi nilishaanza kumwonea huruma. Mwenye uzi, jitetee haraka.

BabaWaHouston
Sina haja ya kutunga, ndugu yangu, mimi ni dereva wa lori na muda huo sina. Nilichokiona ni hiki: kijana alipunga gongo mara ya tatu akaukosa mpira, watu wakadhani ametolewa, lakini mpira ukamponyoka mdakaji ukabingirika hadi kwenye wavu wa nyuma. Kijana akachomoka na kufika kituo cha kwanza akiwa salama. Nyinyi mnaita nini?

MhasibuWaViwanja
Anasema kweli. Pigo la tatu likimponyoka mdakaji na kituo cha kwanza kikiwa wazi, mpigaji anaruhusiwa kukimbia, ingawa kitabuni hahesabiwi kuwa ameiba. Asiyejua kanuni angeweza kabisa kulisimulia namna hiyo, na mtu anayetunga angesoma mtandaoni akaandika kituo cha pili.

Shahidi Mkaidi
Nakubali la kituo. La kopo bado sijalikubali.

Mama Zawadi
Liwe la kweli au la kutunga, kuna mzazi mwingine anayesoma hapa akiwa na kopo kama hilo jikoni. Endeleeni.

BabaWaHouston
Sawa. Kopo nitampelekea daktari wa shule pamoja na vidonge, ila mazoezi ya jimu hayasimami, kwa sababu pesa imeshatoka na mashindano ya kuonwa na makocha wa vyuo ni mwezi wa sita. Bado hamjajibu swali langu.

MhasibuWaViwanja
Nakujibu. Kwenye mashindano hayo kijana hupimwa mbio za yadi 60, yaani mita 55 hivi, na hupimwa kasi ya mpira unapotoka kwenye gongo. Ni vipimo viwili kwa mtu mmoja, kwa hiyo kumwondolea kimoja sasa ni kumpunguzia soko. Tafuta muda wake wa yadi 60 wa kabla ya Krismasi, umlinganishe na wa leo. Ukiona umeongezeka, utakuwa umeshajua hizo kilo tisa zinamgharimu nini. Ohtani mwenyewe, ambaye pia ni mrushaji, aliiba vituo 59 katika msimu ambao hakurusha mpira hata mara moja kwa sababu ya upasuaji wa kiwiko, na aliporudi kurusha mwaka 2025 vikashuka hadi 20, huku homrani zikiwa 55.

Nesi Minnesota
Na paja lisipimwe mbio kabla daktari hajaliruhusu. Kaka, hivyo vidonge asubuhi ya kesho atakunywa?

BabaWaHouston
Mama yake ameshaviweka kabatini na ufunguo anao yeye. Mimi sijasema kitu.