Tupeane uzoefu: laptopu imezeeka, ulianza kubadilisha nini?

Mwanzisha uzi

Wakuu, habari zenu. Laptopu ikishachoka kila mtu ana lake: ongeza RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi), weka SSD (diski isiyozunguka), achana nayo ununue nyingine. Naomba hapa kila mmoja aeleze mashine yake ilikuwaje, alibadilisha nini na tofauti aliionaje.

Naanza mimi. Yangu ina prosesa (ubongo wa mashine) ya Intel Core i5 ya kizazi cha 4, RAM GB 4, diski ya kuzunguka ya GB 500. Ukiiwasha unaweza kwenda kuoga ukarudi bado inahangaika. Kabla ya kununua chochote nilifungua programu zangu za kila siku, nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja kufungua Task Manager, nione kifaa gani kimezidiwa. Prosesa ilikuwa chini ya nusu, RAM bado ina nafasi. Diski ndiyo iliyoganda kwenye asilimia 100, na cha ajabu ilikuwa inasoma MB chache tu kwa sekunde.

Diski za kuzunguka haziumizwi sana na faili kubwa, zinaumizwa na kurukaruka. Kichwa cha kusomea lazima kisogee hadi data ilipo, na kila safari inakula milisekunde kumi hivi au zaidi, wakati mfumo unapowaka unaomba vifaili vidogo maelfu kwa maelfu. SSD haina kinachosogea ndani, inajibu kwa sehemu ndogo tu ya milisekunde. Nikaweka SSD ya SATA (inayotumia mlango uleule wa diski za kuzunguka), vingine vyote nikaviacha. Mlango wa SATA wenyewe haupitishi zaidi ya MB 600 kwa sekunde, lakini kwa kazi zangu sijawahi kufikia mahali nikatamani zaidi.

Mchangiaji wa 2

Kwangu ilikuwa kinyume, mkuu. SSD ilikuwemo tangu mwanzo, ila nikifungua kurasa nyingi za intaneti pamoja na faili la Excel, mashine inakwama. RAM ikijaa, mfumo huhamishia mzigo kwenye diski, na hata SSD iwe ya kasi vipi haiifikii RAM.

Nilichomoa kipande kilichokuwepo nikasoma maandishi yake: DDR3L (aina ya RAM), volti 1.35. Hapo muwe makini. DDR3 ya volti 1.5 ina umbo lilelile na inaingia vizuri, lakini mashine iliyotengenezwa kwa volti 1.35 pekee inaweza kugoma kuwaka. DDR4, aina iliyofuata, haiingii kabisa. Nikaongeza kipande cha pili kinachofanana na cha kwanza, jumla GB 8, na kukwama kukaisha. Hata video zilitulia zaidi, kwa sababu vipande viwili husomwa sambamba na laptopu isiyo na kadi ya picha ya peke yake huazima RAM hiyohiyo.

Mchangiaji wa 3

Yangu RAM imechomelewa kwenye bodi, hakuna pa kuongeza. Tafuteni namba kamili ya modeli mjue inakubali nini kabla ya kutoa hela.

Mchangiaji wa 4

Mimi sikubadilisha kifaa chochote. Ikiwaka ni nyepesi, baada ya muda inakuwa nzito na feni inapiga kelele. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi ili isiungue. Fundi alikuta vumbi limeziba njia ya hewa na ile krimu ya kupitisha joto imekauka. Akasafisha, akapaka nyingine, uzito ukaondoka. Dalili ikiwa ni hiyo, anzeni na usafi.

Mchangiaji wa 5

Je, prosesa inabadilishika? Na inafaa kweli kugharamia mashine ambayo Windows 11 inaikataa?

Mwanzisha uzi

Prosesa sahau, mkuu. Laptopu za miaka ya karibuni karibu zote zimechomelewa.

Swali la pili ni la msingi. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kuanzia kizazi cha 8 hivi, pamoja na TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya mashine). Yangu haimo, nimehamia Linux (mfumo mwingine badala ya Windows) na inakwenda vizuri. Ndiyo maana kwa mashine ya umri huu naweka hela kwenye kitu ninachoweza kuondoka nacho. SSD siku laptopu ikifa naitia kwenye kasha la USB, inaendelea kutunza mafaili. DDR3L laptopu mpya hazina pa kuiweka, kwa hiyo ningeinunua tu kama RAM inajaa kila siku.

Waliobadilisha betri bado hawajasema, karibuni.