Kumpeleka mama kuona majani: njia ya Kancamagus

Shikamooni wakubwa, wenzangu hamjambo.

Mama amefika kutoka Tanga na yuko nasi hapa Lowell, Massachusetts, hadi Novemba. Kutwa anakaa dirishani kuutazama mti wa jirani ulioanza kuwa mwekundu. Nataka nimtoe siku moja, akaone majani yanavyobadilika rangi kwenye milima ya New Hampshire. Magoti yanamsumbua, kupanda hawezi. Mimi nimezoea barabara kubwa tu, hizo za ndani ndani sizijui. Nianzie wapi?

Mdogo wenu, Lowell

---

Marahaba mdogo wangu, na mama mfikishie shikamoo yangu.

Njia ya Kancamagus ndiyo ya mtu mwenye magoti, maana mengi utayaona ukiwa ndani ya gari. Shika barabara kuu ya 93 hadi mji wa Lincoln, kisha ingia barabara ya 112, ndiyo Kancamagus yenyewe. Ni maili 34 na ushee hadi mji wa Conway, msitu mtupu pande zote. Jaza tangi Lincoln, kwa sababu katikati hakuna kituo cha mafuta hata kimoja, wala duka. Simu nayo hukata, kwa hiyo pakua ramani ukiwa bado nyumbani na umwambie mtu mnarudi saa ngapi. Sisi tulibeba chapati na chupa ya chai ya tangawizi, na nashukuru tulifanya hivyo.

Usipime kwa mti wa jirani. Kule juu majani hugeuka mapema, mwishoni mwa Septemba hadi karibu katikati ya Oktoba. Ukingoja Lowell inoge, utakuta mengi yameshapukutika. Na ukiweza kuomba ruhusa kazini, nenda katikati ya wiki. Wikendi ile ya sikukuu ya Jumatatu ya pili ya Oktoba magari hujipanga kama foleni ya kivuko.

Ukitoka Lincoln utapanda hadi kwenye kona kali inayopinda kama kiwiko. Punguza mwendo mapema, hasa mvua ikiwa imenyesha: majani yaliyolowa kwenye lami huteleza kama sabuni. Sehemu kadhaa za kuegesha hulipiwa dola 5 kwa siku, weka noti ndogo mkononi.

Dada yako, Worcester

---

Naongeza moja tu, nalisema kwa uzito. Jua likianza kuzama muwe mmeshatoka msituni. Kuna yule mnyama anayeitwa moose, mrefu kuliko farasi, mweusi-mweusi, na macho yake mara nyingi yako juu ya mwanga wa taa zako. Ukimgonga miguu, mwili wote unaangukia kioo cha mbele. Katikati ya Oktoba jua hutua karibu saa kumi na mbili jioni. Ukiona gari limesimama pembeni ghafla, nawe punguza.

Kaka yenu, Manchester ya New Hampshire

---

Ahsanteni sana ndugu zangu. Tulikwenda Jumatano.

Mama alinyamaza tangu Lincoln hadi juu, kisha akauliza kama miti yote ile inakufa. Nikamweleza kwamba siku zikifupika mti huacha kutengeneza ukijani wake, ndipo manjano iliyokuwa imefichika ndani ya jani hujitokeza. Lakini wekundu wa mepo, ile miti iitwayo maple, hutengenezwa wakati huohuo, kwa sukari iliyobaki kwenye jani. Akasema, "Kumbe unajipamba kabla ya kulala."

Tulisimama kwenye daraja la mbao lenye paa, lile liitwalo Albany, kwa sababu gari linafika karibu nalo kabisa. Hapo aliokota jani moja, jekundu kote ila mishipa bado kijani, akalifuta maji kwa upindo wa kanga na kulilaza katikati ya pasipoti yake.

Vyoo vya njiani ni vya shimo, safi, ila bebeni karatasi zenu. Na kwa mwenye mzazi: chukueni blanketi la pili. Lowell tuliondoka na sweta tu, kule juu upepo ulikuwa wa kuuma mifupa, na mama alijifunika la watoto hadi Conway.