Wakala anataka kianzio kabla sijamwona daktari: nijiandae vipi kwa upasuaji wa tumbo?

Mama Nasra, Dar es Salaam

Habari za jioni, ndugu zangu. Mimi ni mama wa watoto watatu, wote waliozaliwa kwa upasuaji, na wa mwisho ametimiza miaka mitatu. Tangu nimzae, ngozi ya tumbo imebaki ikining'inia juu ya mshono, na msimu wa joto huchubuka na kutoa majimaji hadi hulazimika kuweka kitambaa cha pamba katikati ya mkunjo ndipo niweze kutembea. Mimi na mume wangu tumelizungumza jambo hili kwa muda mrefu na tumekubaliana nifanyiwe upasuaji wa kuiondoa, kwa hiyo naomba tusirudi kwenye swali la kama inafaa au haifai.

Ninachoomba ni msaada wa maandalizi. Nimepata wakala anayepeleka wagonjwa Istanbul. Kwa picha tano nilizomtumia WhatsApp, amenipangia kuondolewa ngozi ya tumbo, kunyonywa mafuta ya kiunoni na mgongoni, kisha mafuta hayo yahamishiwe makalioni, yote kwa siku moja, halafu nikae hotelini siku tano na kurudi nyumbani. Anataka nusu ya fedha ifike kabla ya Ijumaa ili bei isipande, na nilipouliza jina la daktari akanijibu kuwa nitamwona asubuhi ya upasuaji. Nina kilo 84 na urefu wa sentimita 163, natumia vidonge vya uzazi wa mpango, na mgongo ukiniuma hunywa diklofenaki. Nichunguze nini kabla ya kulipa, na mwili wangu niuandae vipi?

Muuguzi wa Usingizi, Mombasa

Dada yangu, pole kwa adha hiyo. Nimefanya kazi katika chumba cha upasuaji kwa miaka 14, upande wa dawa ya usingizi, na jambo la kwanza ninalokuomba ni kuiacha hiyo Ijumaa ipite bila kulipa chochote.

Picha haziwezi kumwonyesha mtu kama una ngiri. Kwa mwanamke aliyepasuliwa mara tatu, ukuta wa tumbo unaweza kuwa umeachia mahali fulani, utumbo ukachungulia chini ya ngozi bila kuonekana kwa nje, na mrija wa kunyonyea mafuta ukipita hapo unaweza kuutoboa. Daktari hulitambua hilo kwa kukubonyeza tumbo ukiwa umelala chali, akikuambia ukohoe, na akitilia shaka huagiza kipimo cha ultrasaundi. Nchini Uingereza, mwongozo wa Baraza la Madaktari ulioanza kutumika mwaka 2016 unamtaka daktari atakayeshika kisu ndiye mwenyewe azungumze na mgonjwa na kuchukua ridhaa yake, asimwachie mtu mwingine kazi hiyo, na ampe mgonjwa muda wa kutafakari bila kumharakisha. Sioni kwa nini mwanamke wa Dar es Salaam aridhike na pungufu ya hapo. Anayekuficha jina la daktari hadi asubuhi ya upasuaji amekunyima nafasi ya kumchunguza, na ukishavaa gauni la hospitali, fedha zikiwa zimelipwa na nyumbani ni mbali, ni vigumu sana kusema hapana.

Ukilipata jina, lifuatilie. Uturuki, daktari wa fani hii hutambulishwa kwa utaalamu unaoandikwa Plastik, Rekonstrüktif ve Estetik Cerrahi, na Wizara ya Afya ya nchi hiyo hutoa vyeti maalumu kwa hospitali na mawakala wanaoruhusiwa kuhudumia wagonjwa wa kigeni. Omba nakala za vyeti hivyo kwa maandishi. Ukiamua kubaki kwetu, Tanzania kuna rejesta ya Baraza la Madaktari Tanganyika na Kenya kuna ya KMPDC, baraza la madaktari la huko, na Chuo cha Madaktari Wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, yaani COSECSA, hutahini madaktari katika upasuaji wa plastiki. Maneno "mtaalamu wa urembo" kwenye bango hayathibitishi kuwa mtu amepita huko. Uliza pia ni nani atakayekulaza usingizi, kama atabaki kichwani pako muda wote, na kama jengo hilohilo lina chumba cha wagonjwa mahututi na damu ya akiba.

Sasa huo mpango wenyewe. Kuhamishia mafuta makalioni ndiyo sehemu inayonitia hofu zaidi. Mwaka 2018 vyama vya madaktari wa upasuaji wa plastiki vilitoa tahadhari ya pamoja kuwa kifo kimoja kilikadiriwa kutokea katika kila upasuaji 3,000 wa aina hiyo, kwa sababu mafuta yakisukumwa ndani ya msuli yanaweza kuingia kwenye mishipa mikubwa ya damu na kukimbilia mapafuni. Ndiyo maana jimbo la Florida, Marekani, lilipitisha sheria mwaka 2023 inayomtaka daktari aongozwe na ultrasaundi anapoyaweka. Tena fikiria namna utakavyolala: aliyekatwa tumbo hulala chali akiwa amejikunja ili mshono usivutike, na aliyewekewa mafuta makalioni huambiwa asiyalalie wala asiyakalie kwa wiki kadhaa. Wewe utalala wapi? Omba tumbo pekee, kwa siku yake.

Kuhusu mwili wako, uzito wako kwa kilo ukigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe unapata kipimo cha takriban 31.6, na madaktari wengi hupenda kiwe chini ya 30 kwa upasuaji wa kupunguza ngozi, maana juu ya hapo kidonda huchelewa kufunga na hatari ya damu kuganda huongezeka. Ukishuka hadi kilo 79 taratibu na kutulia hapo kwa miezi kadhaa, utakuwa umejisaidia kuliko dawa yoyote. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni navyo huongeza hatari ya damu kuganda, na mara nyingi husimamishwa wiki nne kabla ya upasuaji mkubwa. Panga na daktari kinga nyingine ya kutumia wakati huo. Diklofenaki, aspirini na ibuprofeni huchangia kuvuja kwa damu, kwa hiyo mweleze daktari akupangie siku ya kuziacha, na mgongo ukiuma uliza kama parasetamoli itakutosha. Sigara na shisha ni za kuachwa wiki nne kabla na wiki nne baada, kwa sababu nikotini hubana mishipa midogo inayolisha ngozi iliyovutwa, na ngozi hiyo inaweza kufa. Lakini dawa ya presha au ya kisukari usiiache kwa uamuzi wako mwenyewe.

Tafadhali taja kila kitu unachomeza, hata kile unachodhani si dawa: vidonge vya kitunguu saumu, mafuta ya samaki, mitishamba ya kupunguza tumbo, na hasa sindano za kupunguza uzito za aina ya semaglutaidi, ambazo hufanya chakula kikae tumboni muda mrefu kuliko kawaida. Niliwahi kumpokea mama mmoja aliyeulizwa mara tatu kama amekula, akakana mara zote tatu. Nilipomshika kidole nimvalishe kifaa cha kupimia oksijeni, nikaona chembe za mahamri chini ya kucha. Alikuwa amekunywa chai ya maziwa alfajiri akiogopa kuishiwa nguvu. Tuliahirisha, naye alilia sana kwa uchungu wa nauli na ruhusa ya kazini, lakini kama ningemlaza usingizi, chai ile ingeweza kupanda na kushuka mapafuni. Chakula huachwa saa sita kabla, na maji matupu saa mbili kabla. Chai ya maziwa huhesabiwa kuwa chakula.

Wanjiru wa Nakuru

Nilifanyiwa upasuaji huu Nairobi miaka miwili iliyopita, na namuunga mkono muuguzi kwa yote. Nitaongeza mambo ya nyumbani, kwa sababu hayo ndiyo niliyoyadharau.

Nilitoka hospitali nikiwa na mirija miwili ya kutoa majimaji, mmoja kila upande, iliyoishia kwenye vichupa vidogo nilivyovifunga kiunoni kwa pini. Asubuhi na jioni dada yangu alivimimina, akasoma kipimo na kuandika kwenye daftari la hesabu la mtoto, kisha jioni akaupiga picha ukurasa ule na kumtumia muuguzi wa kliniki. Siku ya nne majimaji ya upande wa kulia yaliongezeka ghafla na kuwa mekundu zaidi, tukaitwa siku hiyohiyo. Bila daftari lile tusingejua kuwa kuna kilichobadilika.

Kwa wiki mbili sikuweza kusimama wima, na kwa takriban wiki sita sikuruhusiwa kubeba kitu kizito, mtoto akiwemo. Wa kwako ana miaka mitatu, atataka kubebwa. Mtafute mapema mtu atakayembeba. Nililala kwenye kochi la kuegemea badala ya kitanda, na vitu nilivyotumia kila siku nilivihamishia kwenye rafu iliyo usawa wa mkono kabla sijaondoka nyumbani. Jambo jingine: kama umewahi kutoboa sikio au kuchanjwa na kovu likaota nyama, mwonyeshe daktari. Mimi nina keloidi nyuma ya sikio, na alipoiona tulizungumza kwa kirefu jinsi mshono wa nyonga hadi nyonga unavyoweza kuwa kwangu, kabla sijasaini.

Abu Salum, Muscat

Assalaam alaykum. Dada yangu wa tumbo moja alisafiri kwa mpango unaofanana sana na huo, katika nchi ambayo sitaitaja, na alipanda ndege ya kurudi siku ya sita. Angani alihisi msuli wa mguu wa kushoto unauma, akadhani ni uchovu wa kukaa. Siku ya pili yake alishindwa kupanda ngazi tatu za baraza kwa kukosa pumzi. Lilikuwa bonge la damu lililotoka mguuni hadi mapafuni. Alhamdulillahi yu hai, ila alikaa kwenye dawa za kuzuia damu kuganda kwa miezi.

Kilichotutesa zaidi ni kuwa daktari wa hapa aliuliza amefanyiwa nini hasa na amepewa dawa gani, nasi hatukuwa na karatasi hata moja inayosomeka, na wakala hakupokea simu. Kwa hiyo, bibie, popote utakapokwenda usiondoke bila taarifa ya upasuaji kwa Kiingereza, yenye sahihi, na namba ya daktari mwenyewe. Usiruke kabla ya siku 7 hadi 10, na hata hapo ni baada ya daktari kukukagua na kukuruhusu. Na umtafute kabla ya safari daktari wa Dar es Salaam atakayekubali kukupokea ukirudi, maana wapo wasiopenda kugusa kazi ya mwingine.

Mama Nasra, Dar es Salaam

Nimesoma yote mara mbili, mara ya pili pamoja na mume wangu. Jana nilimwandikia wakala kuwa sitalipa bila kuzungumza na daktari kwa video na kupata jina lake kamili. Amesoma ujumbe na hajajibu. Wakati huohuo nimeomba rufaa ya kliniki ya upasuaji wa plastiki Muhimbili, nikaguliwe tumbo kwanza, na kuhusu makalio nimeachana nayo.

Nina swali moja. Mdogo wangu wa kike ana seli mundu. Mimi sijawahi kuugua wala kupimwa. Je, hili ni la kumwambia daktari, au ni la mdogo wangu tu?

Muuguzi wa Usingizi, Mombasa

Mwambie siku ya kwanza kabisa, tena kabla hajakuuliza. Yawezekana umebeba vinasaba hivyo bila kuugua, na wapo wachache wenye ugonjwa hafifu ambao haukuwahi kutambuliwa. Oksijeni ikipungua, mwili ukipata baridi au ukikaukiwa maji kwenye meza ya upasuaji, chembe za damu za mtu wa namna hiyo zinaweza kujikunja na kuziba mishipa. Tukijua mapema, tunakupa maji ya mishipa ya kutosha, tunakufunika joto na kukufuatilia kwa karibu zaidi. Omba kipimo cha aina ya himoglobini pamoja na cha wingi wa damu, sukari, figo na ujauzito, na ukipime sasa, kwa kuwa majibu yake huweza kuchukua siku kadhaa. Ukiyapata, yaweke kwenye faili moja na orodha ya dawa zako, na mkabidhi daktari wa usingizi kwa mkono wako.