Tupeane uzoefu: eksteno ikigoma kwenye kompyuta ya zamani, wewe uliipatiaje?

Fundi wa Soweto, Mbeya

Wakuu habari za saa hizi. Nafungua uzi huu maana kuna jambo linaniumiza sana hapa mezani kwangu. Mtu anakuja na eksteno, yaani hadi diski ya nje ya kuhifadhia mafaili, kaiviringisha kwenye kitambaa, ndani kuna picha za harusi au mahesabu ya chama cha kahawa ya miaka na miaka, anakwambia fundi hii nimeambiwa imekufa, nifomatie tu, yaani nifutie yote, niitumie kwa mengine. Unaichomeka kwenye mashine nyingine inafunguka vizuri tu. Diski nzima kabisa, shida ilikuwa ile kompyuta ya ofisini ambayo ni ya zamani na hakuna aliyekaa nayo akaiangalia. Sasa huku kwetu mashine za zamani ndio nyingi, kuanzia maofisi ya vijijini, steshenari, parokia, mashule, kote utakuta Windows 7 na XP bado zinapiga kazi. Naomba kila mwenye kisa aweke hapa, ilikuwaje na akaitatuaje, ili mtu asifomati kumbukumbu zake bure.

Naanza na umeme kwa sababu hapo ndipo wengi wanapokwama. Porti ya USB 2.0 kwa kanuni inatoa miliampia 500, na hizi eksteno ndogo za inchi 2.5 zinapoanza kuzunguka nyingi zinataka zaidi ya hapo kidogo. USB 3.0 inatoa 900 ndio maana kwenye laptopu mpya huoni tatizo. Dalili yake taa inawaka, unasikia tik tik tik, inatokea kidogo halafu inapotea. Ni kweli diski mbovu nayo inalia hivyohivyo, ila usiihukumu kabla hujaipa umeme wa kutosha. Kama ni desktopu achana na porti za mbele, zile zinapitia kwenye waya mwembamba ndani ya kasha, nenda nyuma zilizokaa kwenye mazabodi yenyewe. Tumia waya mfupi. Ikigoma bado tafuta ule waya wa vichwa viwili, unachomeka vyote viwili, kimoja kinabeba data na kingine kinaongeza moto tu, au chukua habu, kile kigawanya porti za USB, yenye adapta yake ya umeme.

Zile kubwa za inchi 3.5 zina adapta yake ya volti 12. Tafadhali sana ndugu zangu, msichomeke chaja ya laptopu kwa sababu kichwa kinaingia. Chaja nyingi za laptopu ni volti 19, unaunguza ubao wa diski papo hapo.

Mwalimu wa Mafinga

Kamwene fundi, kamweneni nyote. Mimi kisa changu ni cha shuleni. Kompyuta ya ofisi ya taaluma ni XP na ndimo kulikuwa na matokeo ya wanafunzi wa miaka ya nyuma, tukasema tununue eksteno tuhamishie. Ikaja diski mpya kabisa, tukachomeka, kimya. Sauti ya kuchomeka inalia, ile ikoni ya chini kulia inatokea, ila ukifungua My Computer hamna kitu. Mwenzangu mmoja akataka irudishwe dukani mjini.

Nikaingia Run nikaandika diskmgmt.msc, ile sehemu ya Windows ya kusimamia diski, ndio nikaona diski ipo ila imeandikwa GPT Protective Partition na ukibonyeza kulia kila kitu kimefifia. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba diski zinapangwa kwa mitindo miwili, wa zamani unaitwa MBR na mpya unaitwa GPT, na XP ya 32-bit haijui GPT kabisa, inaona tu kuna kitu kimekaliwa basi. Windows 7 inaisoma bila shida. Kwa hiyo tukaipeleka kwenye laptopu ya Windows 7 ya mwalimu wa hesabu, na kwa kuwa ilikuwa tupu tukafuta patisheni yake (yaani mgawanyo wa nafasi ndani ya diski), tukabonyeza kulia pale kwenye jina la diski upande wa kushoto tukachagua iwe MBR, tukaifomati NTFS, mtindo wa Windows wa kupanga mafaili. Kurudi kwenye XP ikafunguka hapohapo.

Angalizo mbili. Kile kitufe cha kubadili GPT kwenda MBR hakiwaki mpaka diski iwe tupu, kwa hiyo kama kuna vitu humo vihamishe kwanza kwenye mashine inayoisoma. Na MBR kwa diski za kawaida inaishia TB 2, ukinunua ya TB 4 ukaiweka MBR hiyo nusu nyingine huioni. Kwa mashine ya XP mimi nashauri TB 1 inatosha sana, matokeo ya shule nzima hayajazi hata robo yake.

Dada wa steshenari, Iringa

Mwalimu umenikumbusha mbali. Mimi niko Miyomboni, kipindi wanachuo wanaprinti ripoti hapa hapapitiki, na wengi wanakuja na eksteno badala ya flashi. Kompyuta yangu moja ni ya siku nyingi ina kile kisomea kadi cha mbele chenye matundu manne, kila tundu linachukua herufi yake, mara F mara G mara H. Sasa Windows wakati mwingine, hasa XP, inaipa eksteno herufi ambayo tayari imeshashikwa na folda ya mtandao wa ofisini, matokeo yake eksteno ipo ila haionekani. Mteja anaanza kulia anajua ripoti imeenda.

Dawa yake ndogo tu, unaenda hukohuko diskmgmt.msc, unaiona diski ipo na rangi ya bluu, imeandikwa Healthy, ila haina herufi au ina herufi ileile ya folda ya mtandao. Bonyeza kulia chagua kubadili herufi, mpe ya mbali huko mwishoni kama R au T, kwisha. Hakipotei kitu. Mimi za wateja wa kila siku nawapa herufi ya mbali na kompyuta inazikumbuka wakirudi.

Lingine ni virusi vya shotikati. Unafungua eksteno unakuta kila folda imekuwa shotikati, ujazo unaonyesha GB 200 zimetumika ila huoni faili. Usibonyeze zile shotikati hata kidogo, ukibonyeza ndio unakiwasha kirusi. Faili zipo zimefichwa tu. Skani kwanza na antivairasi, halafu fungua cmd uandike attrib -h -r -s /s /d X:\*.* hapo X weka herufi ya eksteno yako, zinarudi zote. Nimeshawarudishia watu tasnifu nzima kwa mstari huo mmoja, na ile furaha ya mtoto wa watu anayetakiwa kukusanya kazi saa nane mchana acheni tu.

Kijana wa Tunduma

Dada asante sana. Mimi naomba msaada, nina desktopu Dell ya zamani, nikiiwasha eksteno ikiwa imechomekwa inaganda kwenye skrini nyeusi ina kimstari kinapepesa kushoto juu. Nikiichomoa inawaka. Hii ni diski au mashine?

Fundi wa Soweto, Mbeya

Mashine mdogo wangu, na wala haijaharibika. BIOS, ile programu ya ndani inayoiwasha mashine kabla ya Windows, imepangwa itafute mfumo kwenye USB kwanza, sasa inaikuta eksteno, inataka kuanzia hapo, haioni Windows humo, inabaki imesimama. Ukiwasha gonga F2 kwa Dell uingie BIOS, tafuta Boot Sequence (mpangilio wa wapi aanzie), diski ya ndani ipandishe iwe ya kwanza, USB ishushe chini, hifadhi utoke. Siku ukitaka kuanzia kwenye USB kweli unagonga F12 unachagua siku hiyo tu.

Njombe kwa baridi

Wakuu mmeongelea mashine, mimi niongelee hali ya hewa maana huku kwetu ina mchango wake. Mwezi wa sita na wa saba Njombe na Makete kunapiga baridi la barafu kwenye majani. Unatoka na eksteno kwenye begi asubuhi kwenye pikipiki, unaingia ofisini kuna jiko la mkaa watu wameota moto, unaichomeka hapohapo. Chuma cha baridi kikikutana na hewa ya moto yenye unyevu kinatoa jasho, unyevu unakaa kwenye ubao wa diski. Mimi naiacha kwenye mfuko wake wa plastiki juu ya meza mpaka ipate joto la chumba, kama nusu saa hivi au zaidi, ndipo naichomeka. Kwenye barua za maelekezo za watengenezaji wameandika kabisa isitumike ikiwa na umande.

Halafu radi. Tukuyu, Njombe, Rungwe kote huko mvua ya masika ikianza, kama unakopi faili na ngurumo zinakaribia simamisha, toa eksteno kwa ule utaratibu wa kuiaga (Safely Remove Hardware), chomoa na waya wa ukutani. Umeme ukikatika katikati ya kukopi ndipo ile diski kesho yake inasema inataka kufomatiwa. Hapo msikubali! Bonyeza Cancel. Mara nyingi ni orodha ya mafaili tu iliyovurugika na amri ya kukagua diski, chkdsk X: /f, inaweza kuipanga upya, ila kama vitu ni vya thamani kubwa mpe fundi achukue nakala ya diski nzima kabla ya hiyo chkdsk kwa sababu nayo inaandika juu ya diski.

Mtunza kumbukumbu

Ugonile wandugu. Mimi nahudumu ofisi ya kanisa, kompyuta yetu ya mwanzo ilikufa pawa sapulai na mazabodi pamoja, rejesta za ubatizo zote humo. Ile diski ni ya IDE, aina ya kizamani yenye mkanda mpana wa pini 40. Kuna adapta ya kubadili IDE kuwa USB, inauzwa na umeme wake. Iligoma mwanzo mpaka fundi alipoangalia kile kijampa kidogo nyuma ya diski, kilikuwa kwenye Slave, akakihamishia Master, ikasomeka mara moja. Tukakopi kila kitu. Nilisimama nyuma yake nikasoma jina la kwanza kwenye orodha, mzee aliyebatizwa kabla sijazaliwa, nikamshukuru Mungu.

Nyongeza, msikimbilie kuitoa diski ndani ya kasha la eksteno mkaifunge moja kwa moja kwenye desktopu mkidhani ndio itasomeka vizuri. Baadhi ya makasha yana kiubao ndani kinachofunga data kwa siri yake, ukiitoa unaona diski RAW, yaani kama haijapangwa, unadhani imeharibika kumbe ufunguo umeubakiza kwenye kasha.

Mwalimu wa Mafinga

Hiyo ya kasha nilikuwa sijui, ndaga fijo mtumishi. Swali kwa fundi, mbona kukopi kwenye ile XP kunachukua siku nzima? Ilibidi tuiache usiku.

Fundi wa Soweto, Mbeya

Mwalimu hapo angalia porti yako ni ya kizazi gani. USB 1.1 inakwenda megabiti 12 kwa sekunde, kwa kazi halisi ni kama megabaiti 1 tu. USB 2.0 kwa maandishi ni megabiti 480, halisi ni kama megabaiti 30 hivi. Sasa GB 100 kwa megabaiti 1 kwa sekunde ni zaidi ya saa 27, kwa megabaiti 30 haifiki saa moja. Tofauti ni kubwa kiasi hicho. Kama XP inakutolea kaujumbe kwamba kifaa hiki kinaweza kwenda kasi zaidi, basi ama porti ni ya zamani ama draiva ya USB 2.0 haijaingia, tafuta draiva ya chipseti ya mashine hiyo uiweke. Kama mazabodi haina USB 2.0 kabisa, kadi ya PCI yenye porti za USB 2.0 inafungwa ndani na kazi inaisha, hata za mtumba zipo.

Na wale mnaokopi video ndefu, diski ikiwa FAT32, mtindo wa zamani wa kupanga mafaili, faili moja haliwezi kufika GB 4, XP itakwambia nafasi haitoshi wakati nafasi ipo tele. Iwe NTFS. exFAT, mtindo mwingine, nayo XP haiisomi mpaka iwe na Service Pack 2 au 3 na nyongeza ya Microsoft inayoitwa KB955704.

Dada wa steshenari, Iringa

Fundi na draivu ya DVD ya nje je? Kuna mteja ana CD za mafundisho ya kilimo, kompyuta yake imeondolewa tundu la CD, ameunga ya USB inaonyesha kialama cha njano na Code 39.

Fundi wa Soweto, Mbeya

Hiyo mara nyingi inaachwa na programu za zamani za kuchoma CD. Kwanza ipe umeme, vichwa viwili kama nilivyosema. Kialama kikibaki, fungua regedit, daftari la mipangilio ya Windows, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE, SYSTEM, CurrentControlSet, Control, Class, kisha ile yenye namba inayoanza 4D36E965, hakikisha pembeni imeandikwa DVD/CD-ROM. Kabla hujagusa chochote ihamishe nje (Export) kama nakala. Halafu futa UpperFilters na LowerFilters tu, kama ipo mojawapo futa hiyohiyo, usiguse za sehemu nyingine, zima uwashe. Ile programu ya kuchoma CD itabidi aiweke upya kama bado anaihitaji. Mwambie akishafungua hizo CD azikopi zote kwenye eksteno siku hiyohiyo, CD zikikaa kwenye unyevu wa huku zinaanza kubanduka ngozi.