Naomba ushauri: katalogi yangu ya vyanzo vya redio inanipa mteremko wa ajabu nikimechisha na NVSS

Nyota_ya_Lamu

Habarini wakuu. Naomba msaada kwa yeyote aliyewahi kushika data za anga za masafa ya chini, maana hapa nilipo sina wa kumuuliza, mwalimu wangu amesafiri na wiki ijayo natakiwa kuwasilisha sura ya pili.

Niko mwaka wa pili wa masters, Nairobi, nilipitia DARA, mafunzo ya astronomia ya redio kwa Waafrika, ndiyo nikanogewa na mambo ya redio. Nimechukua picha za GLEAM, ule upimaji wa anga uliofanywa na darubini ya MWA kule Australia Magharibi, megahezi 72 mpaka 231. Najua wenyewe walishatoa katalogi yao 2017 yenye vyanzo 307,455, lakini nilitaka niunde ya kwangu ya kipande kidogo tu cha anga nijue kazi inafanyikaje, sitaki kudaunilodi meza ya watu nikachora grafu nikasema nimesoma.

Basi nimeendesha Aegean, programu ya kutafuta vyanzo kwenye picha, nikaipa kiwango kimoja cha kelele kwa picha nzima, kizingiti sigma 5, yaani mara tano ya kelele, ikanitolea vyanzo 1,160. Nikafungua TOPCAT, programu ya kulinganisha meza, nikamechisha na NVSS ambayo ni katalogi nyingine ya redio, ya gigahezi 1.4, nikachukua kilicho karibu zaidi ndani ya dakika moja ya pembe, yaani sehemu ya 60 ya nyuzi. Halafu nikapiga hesabu ya mteremko, yaani flaksi (ukali wa mawimbi yanayotufikia) inashuka kwa kasi gani ukipanda masafa. Vitabu vyote vinasema galaksi nyingi za redio ziko kwenye -0.7 au -0.8, na zangu nyingi kweli ziko hapo, lakini nina 74 ambazo ni -1.1 na kushuka zaidi. Jamani nilipoziona usiku ule sikulala, kwa sababu mteremko mkali ndio watu wanaoutumia kuwinda galaksi za mbali sana. Asubuhi nikaanza kuogopa, 74 kwenye kipande kidogo hivi ni nyingi mno.

Jambo la pili, kuna chanzo kimoja kikali sana pembeni ya picha na vyanzo vidogo vidogo vimekizunguka kama shanga. Sijui ni kweli viko pale au la. Nisaidieni.

Kipanga_Mwanza

Pole dada. Mimi ni mtu wa data tu, si wa nyota, ila naona kama duara lako la kumechisha ni dogo. Weka dakika mbili au tatu uone, huenda vyanzo sahihi vinabaki nje.

Mzee_wa_Antena

Kipanga hapana, hapo utamharibia. NVSS ina vyanzo kama 50 kwa kila nyuzi moja ya mraba. Ukipiga hesabu ya duara la nusu kipenyo dakika mbili unapata kwamba karibu kila mara moja kati ya sita kitu kisichohusika kabisa kitaangukia humo kwa bahati tu. Kwa dakika moja ni kama asilimia 4 au 5, hiyo inavumilika. Na kama hamniamini, chukua meza yako, sogeza vyanzo vyote nyuzi moja kaskazini, umechishe tena. Vitakavyopata mwenza hapo vyote ni vya bahati, ndiyo kipimo chako cha uongo.

Sasa dada Nyota, nikuulize, hizo 74 umeziangalia kwa macho? Simaanishi namba, namaanisha umefungua picha ya NVSS ukaweka juu yake mistari ya GLEAM?

Nyota_ya_Lamu

Shikamoo mzee. Hapana, sijaangalia, nilikuwa nafanya kazi kwenye meza tu.

Mzee_wa_Antena

Marahaba mwanangu. Basi ugonjwa nadhani ninaujua, mimi mwenyewe uliniuma miezi mitatu.

Galaksi ya redio mara nyingi si nukta. Kuna shimo jeusi katikati linarusha mikondo miwili, na mikondo inajaza mawingu mawili, moja huku na jingine kule. GLEAM inaona kwa ukungu wa karibu dakika mbili za pembe, kwa hiyo mawingu yote mawili yanaungana yanakuwa doa moja. NVSS ina jicho la sekunde 45 za pembe, inayatenganisha, kwenye meza yake yanaingia kama vyanzo viwili. Wewe ukasema nipe kilicho karibu zaidi, ukapewa wingu moja, nusu ya galaksi.

Chukua mfano huu. GLEAM kwenye megahezi 200 inakupa jansky 1.2 (jansky ni kipimo cha flaksi). NVSS ina wingu la milijansky 140 na la milijansky 115, yameachana sekunde 80. Ukichukua lile la karibu, 140, mteremko unatoka -1.1, unashangilia. Ukijumlisha yote mawili unapata 255, mteremko ni -0.8, galaksi ya kawaida kabisa. Si kwamba ulikosea hesabu, umelinganisha nyumba nzima na chumba kimoja.

Kwa hiyo usitafute wa karibu zaidi, tafuta wote ndani ya duara, TOPCAT ina chaguo hilo, halafu kila chenye wenza zaidi ya mmoja kifungue picha uamue kwa jicho kama ni mawingu ya galaksi moja au ni majirani tu. Inachosha, ndiyo. Huku Uholanzi ninakoishi, watu wa darubini ya redio ya LOFAR walipotoa sehemu ya pili ya LoTSS, upimaji wao wa anga, mwaka 2022 walikuwa na vyanzo 4,396,228, na pamoja na kompyuta zote walizonazo bado waliwaomba watu wa kawaida waangalie picha waseme kipi kinaenda na kipi. Jicho la mtu bado halijapata mbadala kwenye hili.

Binti_Saruji

Samahanini nauliza kama mgeni, kwa nini mhangaike na masafa ya chini kama picha zake zina ukungu hivyo?

Mzee_wa_Antena

Swali zuri sana binti. Elektroni zikirushwa zinazeeka, zinapoteza nguvu, na zenye nguvu nyingi ndizo zinazoisha mapema. Kwa hiyo kwenye masafa ya juu wingu la zamani linafifia mpaka linapotea, lakini kwenye masafa ya chini bado linang'aa. Tunaona galaksi ilifanya nini zamani, hata kama shimo lake jeusi limeshatulia.

Nyota, zile shanga: hicho chanzo kikali ni ile galaksi Hydra A?

Nyota_ya_Lamu

Ndiyo mzee! Umejuaje?

Mzee_wa_Antena

Kwa sababu inasumbua kila mtu. Waliotengeneza GLEAM waliiondoa kwanza ndipo wakasafisha picha, na kwenye katalogi yao wakafunika eneo linaloizunguka. Mabaki yake bado yapo, na wewe uliposema kelele ni kiwango kimoja kwa picha nzima, mabaki yakavuka sigma 5 yakawa vyanzo. Tumia BANE, inakuja pamoja na Aegean, inakuchorea ramani ya kelele pikseli kwa pikseli, karibu na Hydra A kizingiti kitapanda chenyewe. Halafu geuza picha, zidisha kila pikseli kwa -1, utafute tena. Anga haina galaksi yenye flaksi hasi, kwa hiyo chochote utakachokipata ni feki, na idadi yake inakuambia feki ngapi unazo upande wa chanya. GLEAM wenyewe walijipima hivyo, wakapata uhakika wa asilimia 99.97.

Nyota_ya_Lamu

Wakuu nimerudi, ni siku ya nne. Picha iliyogeuzwa ilinipa feki 31, karibu zote zimezunguka Hydra A. Baada ya BANE imebaki 1. Zile shanga zimeondoka zote, na namshukuru Mungu sikuziandika kwenye sura.

Hizo 74 nimezifungua moja moja, laptopu inachukua muda kuleta kila picha na umeme ulikatika mara mbili, lakini nimemaliza. Nyingi ni mawingu mawili kabisa, mzee, yamekaa pande mbili na doa la GLEAM limelala juu yake kama shuka. Zimebaki 19 ambazo NVSS ina nukta moja tu, haina jirani, na mteremko bado ni mkali. Moja ni -1.4. Nimeitazama mpaka macho yakauma.

Mzee, swali la mwisho: nazipaje majina?

Mzee_wa_Antena

Hongera mwanangu, 19 za kweli ni bora kuliko 74. Majina yanatoka kwenye kuratibu zake, J halafu saa, dakika na sekunde, halafu nyuzi, dakika na sekunde. Ila tarakimu unazikata, hukadirii kwenda juu. Sekunde 38.9 inabaki 38. Na hiyo ya -1.4 iangalie pia kwenye TGSS, upimaji wa anga wa megahezi 150 wa kule India, kabla hujamwambia mwalimu, jicho lake ni sekunde 25, ikibaki nukta moja na hapo pia niandikie.